MKONO WA NDUGU YAKO

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumba mwanadamu kwa umbo lililo bora, akampa mikono miwili ya kutoa na kupokea. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na Aali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo kila mmoja wetu hulifanya kila siku wala halifikirii, nalo ni kupeana mikono. Mtu hutoka nyumbani kwake alfajiri, na mpaka arudi jioni amekwisha shika mikono ya watu ishirini au thelathini: ya imamu, ya jirani, ya muuza mahamri, ya mwenye duka, ya mwana wa ndugu yake. Ukimwuliza usiku, "Leo umempa nani mkono?" hakumbuki hata nusu yao. Lakini mwulize, "Ni nani aliyekunyima mkono wake?" Huyo atakutajia kwa jina, na siku yenyewe, na mahali walipokuwa wamesimama. Hapo ndipo utakapojua kuwa jambo hili si dogo kama tunavyolidhania.

MAANA YAKE

Kwa Kiarabu kupeana mikono huitwa musafaha. Wanazuoni wa lugha wanasema neno hili limetokana na safha, yaani uso wa kitu au upande wake, kwa kuwa uso wa kitanga cha huyu hukutana na uso wa kitanga cha yule. Basi yule anayekupa ncha za vidole vyake, huku macho yake yanamtazama mtu mwingine, huyo bado hajakupa musafaha. Amekupa vidole tu.

Na mkono katika ada za Waarabu ulikuwa na kazi nyingine vilevile. Walipokuwa wakiuziana kitu, muuzaji na mnunuzi hupigana kitanga kwa kitanga, na biashara yenyewe ikaitwa safka kwa ajili ya pigo lile. Na watu walipoahidi utii kwa kiongozi, walimpa mikono yao, na ahadi hiyo ikaitwa bai'a, neno lililo jamaa na neno la kuuza. Kwa hivyo tangu hapo zamani mkono haukuwa salamu peke yake. Mkono ulikuwa ahadi, na mwenye kuutoa alijua kuwa ametoa kitu ambacho hawezi kukirudisha mfukoni kwa siri.

Tazama yaliyotokea Hudaibiya, mwaka wa 6 wa Hijra. Masahaba wapatao elfu moja na mia nne walimpa Mtume (S.A.W.) mikono yao chini ya mti, na Mwenyezi Mungu akaitaja bai'a ile katika Sura ya Al-Fat-h. Sayyidna Uthman (R.A.) hakuwapo, kwani alikuwa ametumwa Makka. Mtume (S.A.W.) akaunyosha mkono wake mmoja, akasema kuwa huo ndio mkono wa Uthman, kisha akaupiga juu ya mkono wake wa pili. Mtu hayupo, lakini hakuachwa nje ya safu. Mtume mwenyewe alimtolea mkono wake.

YALIYOPOKEWA

Qatada alimwuliza Anas bin Malik (R.A.) kama musafaha ulikuwapo baina ya Masahaba wa Mtume (S.A.W.), naye akamjibu kuwa ulikuwapo. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari. Na Abu Daud na Tirmidhi wamepokea kutoka kwa Baraa bin Azib (R.A.) hadithi ambayo maana yake ni kwamba Waislamu wawili hawakutani wakapeana mikono ila husamehewa kabla hawajaachana. Tena Tirmidhi amepokea kutoka kwa Anas kuwa mtu mmoja aliuliza juu ya anayekutana na ndugu yake: je, amwinamie? Mtume (S.A.W.) akasema la. Akauliza: je, amshike mkono wake? Akasema naam. Hapa pana fundisho kubwa. Kuinama kunamfanya mmoja awe juu na mwingine awe chini, lakini katika kupeana mikono watu wawili husimama sawasawa, awe mmoja ni tajiri na wa pili ni hamali.

Lakini kisa ambacho mimi hukipenda zaidi kuwasomesha vijana ni cha Ka'ab bin Malik (R.A.). Yeye alibaki nyuma katika safari ya Tabuk, mwaka wa 9 wa Hijra, pasina udhuru, na alipoulizwa alisema kweli wala hakutunga uwongo. Watu wakaamrishwa wasiseme naye, na hali hiyo ikaendelea siku khamsini. Alimwendea binamu yake Abu Qatada, mtu aliyempenda kuliko wote, akamtolea salamu, wala hakuitikiwa. Kisha ikateremka aya ya kukubaliwa toba yake. Ka'ab akaingia msikitini, Mtume (S.A.W.) ameketi na watu wamemzunguka. Akainuka Talha bin Ubaidullah (R.A.), akamwendea mbio, akampa mkono na kumpongeza. Ka'ab anaeleza kuwa katika Muhajirina hakuinuka mwingine ila yeye, na kwamba jambo lile la Talha hakulisahau kabisa.

Fikiri, ndugu yangu. Mtu amekwisha samehewa na Mola wake mbinguni, na khabari imekwisha tangazwa. Amepungukiwa na nini tena? Hata hivyo, mkono ule mmoja wa Talha aliukumbuka mpaka uzeeni alipokuwa akihadithia. Toba yake ilikuwa imekubaliwa, lakini mkono ndio uliomrudisha katika jamaa.

MIKONO YA PWANI YETU

Sisi watu wa pwani tumeirithi sunna hii, tukaifungamanisha na mambo yetu yote, tangu ya furaha mpaka ya huzuni. Bwana harusi hushikana mkono na walii au na kadhi wakati wa akdi. Kushikana huko si katika nguzo za ndoa, kwani nguzo katika madhehebu yetu ya Kishafii ni tano: mume, mke, walii, mashahidi wawili na matamko ya kuoza na kupokea. Lakini wazee waliona kuwa mtu anayepokea amana ya binti wa watu aisikie amana hiyo katika kitanga chake. Siku ya Idi twapeana mikono na kuombeana kupokelewa saumu zetu, na watoto nao hungoja mkono wa Idi uliofunikwa senti ndani yake. Na panapotokea msiba, baada ya kuzika, wafiwa husimama safu, watu wakapita mmoja mmoja wakitoa mkono wa tanzia. Maneno huwa machache, na mengi yake mfiwa hayasikii. Mkono huusikia.

Mimi nilianza chuo nikiwa mtoto wa miaka sita. Maalimu wetu alikuwa akishona kanzu na kofia huku akitusikiliza tunavyosoma, na vidole vyake vilikuwa vigumu kwa sindano. Jioni tulipofunguliwa, kila mtoto humwendea, humpa mkono na kuubusu, ndipo akaenda zake. Tukagundua kuwa Maalimu haondoi mkono wake mpaka mtoto mwenyewe auondoe. Basi mmoja wetu, mtundu sana, siku moja akaushika akaung'ang'ania, anataka kuona mwisho wake. Maalimu akatulia. Sindano iko katika mkono wa kushoto, kofia iko mapajani, na foleni ya watoto inangoja. Yule mtoto akatazama chini, akatazama juu, haya zikamshika, akauachia. Maalimu akamwambia, "Nenda salama, mwanangu." Basi.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma hadithi kwa masheikh, nikakuta katika Tirmidhi kuwa Anas (R.A.) amesimulia juu ya Mtume (S.A.W.) kwamba akipewa mkono na mtu hakuwa akiuondoa wake mpaka mtu yule auondoe kwanza. Nikafunga kitabu. Hadithi ile nilikuwa nimekwisha someshwa na fundi wa kofia, bila ya yeye kuitaja hata siku moja.

Na juu ya kubusu mkono, Imam Nawawi (Mwenyezi Mungu amrehemu) amesema kuwa kumbusu mtu mkono kwa uchaji wake, au ilimu yake, au utukufu wa dini yake, ni jambo jema. Ama kumbusu kwa utajiri wake au cheo chake cha kidunia, hilo ni karaha iliyo kali. Wahenga wetu wana msemo: mkono usioweza kuukata, ubusu. Huo ni msemo wa mtu mnyonge mbele ya dhalimu, nao unaeleza hali tu. Usiufanye ndiyo mwendo wako. Mkono unaobusiwa leo kwa kuwa haukatiki, kesho ukidhoofika utakatwa na wale wale walioubusu.

BAADA YA SALA

Sasa nifike penye jambo linalotusumbua misikitini kwetu. Watu wengi wakimaliza sala hugeuka kulia na kushoto wakapeana mikono. Vijana wetu kadha wa kadha, waliosoma hapa na waliosoma ng'ambo, wanasema jambo hili ni bidaa, na wengine huondoa mikono yao.

Haya si masuala mapya. Sheikh Izzuddin bin Abdisalam, aliyefariki mwaka wa 660 wa Hijra, aliulizwa juu ya kupeana mikono baada ya Alfajiri na Alasiri, naye akaitia katika bidaa zilizo mubaha. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka wa 676, akasema kuwa kuikhusisha na wakati huo hakuna asili katika sharia kwa sura hiyo, lakini hapana ubaya, kwa kuwa asili ya musafaha ni sunna, na watu kuihifadhi katika baadhi ya nyakati na kuiwacha katika nyakati nyingine hakuitoi katika asili yake. Wako wanazuoni wengine walioikataza, nao wana hoja zao. Basi anayesema kuwa si lazima baada ya sala amesema kweli. Na anayempa mwenziwe mkono hakufanya dhambi.

Katika msikiti mmoja ninaousalia, mzee mmoja mvuvi alikuwa akikaa safu ya pili. Alfajiri moja baada ya salamu alimnyoshea mkono kijana aliyekaa ubavuni mwake. Kijana akauvuta wake, akauweka chini ya kanzu, akasema "bidaa" kwa sauti ambayo safu nzima iliisikia. Mkono wa mzee ukabaki juu, hauna pa kwenda. Kisha akaurudisha polepole akajipangusa nao uso, kama kwamba alikuwa akiomba dua. Wiki mbili hakuonekana, tukasikia anasali msikiti wa mbali, na goti lake bovu.

Nilimwita yule kijana nyumbani, tukanywa kahawa, nikamfungulia vitabu. Nikamwonyesha maneno ya Nawawi. Kisha nikamwonyesha ya Mulla Ali al-Qari, mwanachuoni wa Kihanafi aliyefariki mwaka wa 1014 wa Hijra, ambaye yeye mwenyewe hakuipenda ada hii ya baada ya sala. Pamoja na hayo anasema kuwa Muislamu akikunyoshea mkono haifai kumpuuza kwa kuuvuta wako, kwa kuwa maudhi atakayoyapata yanashinda ile adabu unayotaka kuichunga. Kijana alisoma mara mbili. Alikuwa mtoto mwema, aliyekuwa na kitabu kimoja tu. Akaniuliza nyumba ya mzee, nami nikampeleka. Mzee alimpokea kwa mkono ule ule, na alipotaka kumweleza habari ya hukumu na khitilafu, mzee akasema, "Mwanangu, mimi si mwanachuoni. Nilitaka kujua tu kama u mzima."

Na nyinyi wazee wenzangu, nanyi mna lenu. Mtu akiwa katika tasbihi zake usimpige bega umtoe katika dhikri ili akupe mkono. Mwache amalize. Sunna haigombani na sunna.

WANAWAKE NA WANAUME

Jambo la pili ni mkono wa mwanamume kwa mwanamke asiye maharimu wake. Bibi Aisha (R.A.) ameeleza kuwa mkono wa Mtume (S.A.W.) haukugusa kamwe mkono wa mwanamke katika bai'a, bali aliwapokea kwa maneno. Hii ndiyo njia yetu, wala hatuioni haya. Lakini siku hizi binti zetu wanafanya kazi maofisini na mahospitalini, na vijana wetu wanakutana na wageni ambao kwao kunyima mkono ni tusi. Nawausia hivi: hukumu ishike, na uso ukunjue. Weka kitanga chako kifuani, inamisha kichwa kidogo, tabasamu, sema neno jema, na ueleze kuwa ndiyo ada ya dini yako ya kuheshimu. Nimewaona wageni wengi wakilipokea jambo hilo vizuri. Lisilopokelewa vizuri ni uso mkavu. Nao uso mkavu haumo katika hukumu.

WAKATI WA MARADHI

Mwaka 2020 yalipoingia maradhi ya korona, sisi wa Mombasa tulifungiwa misikiti mwezi wa Machi, na Idi ya Mei tukaisali majumbani. Hapakuwa na mikono. Wako waliosema kuwa kuacha mkono ni udhaifu wa imani. Hawakukumbuka khabari iliyomo katika Sahihi Muslim, kwamba katika ujumbe wa Thakif alikuwamo mtu mwenye ukoma, na Mtume (S.A.W.) akampelekea neno kuwa bai'a yake imekwisha kubaliwa, arejee. Hakuguswa, na hakuvunjiwa heshima. Bai'a yake ilitimia kama ya wenzake.

Lakini mwaka ule ulitufundisha. Watu walizikwa na wachache, na wafiwa hawakusimama safu. Mjane mmoja jirani yetu aliniambia kuwa alipigiwa simu nyingi za tanzia mpaka sikio likamuuma, na bado alihisi kama hapana mtu aliyekuja. Tulipofunguliwa tukapeana mikono tena, nakumbuka wanaume wazima walivyokuwa wakishikana, hawaachani upesi.

MKONO WA SULUHU

La mwisho na lililo kubwa ni mkono baina ya wagomvi. Mtume (S.A.W.) amekataza Muislamu kumhama ndugu yake zaidi ya siku tatu, na akaeleza kuwa mbora wa wawili hao ni yule anayeanza salamu.

Hata katika mambo ya dola tumeona nguvu ya mkono. Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu ya Zanzibar baada ya miaka ya uhasama, na kutokana na maridhiano yale ikaja kura ya maoni ya Julai 2010 na Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Khitilafu ziliporudi baada ya uchaguzi wa 2015, watu walishuhudia katika maziko ya Mzee Aboud Jumbe, Agosti 2016, Maalim Seif asiupokee mkono wa Rais Ali Mohamed Shein. Simhukumu mtu hapa. Ninalotaka ulione ni kuwa nchi nzima ilizungumza juu ya mkono mmoja kuliko ilivyozungumza juu ya hotuba mia. Mwisho wa 2020 Maalim aliingia tena serikalini kwa maridhiano, na Februari 2021 akafariki. Na hapa Kenya, tarehe 9 Machi 2018, Rais Uhuru Kenyatta na Bwana Raila Odinga walipeana mikono Nairobi, na jambo lile likapewa jina la handisheki, watoto wa mitaani wanalijua.

Lakini wakubwa wana wapatanishi, na kamera, na walinzi. Sisi wadogo tuna nini? Nimewajua ndugu wawili, tumbo moja, waliogombana kwa nyumba ya urithi yenye vyumba vinne. Wote wawili wanasali jamaa. Kila baada ya sala huyu humpa mkono wa kulia kwake na wa kushoto kwake, na yule vivyo hivyo, na baina yao kuna watu watatu. Miaka kumi na moja mikono yao ilikuwa ikizunguka msikiti mzima isikutane. Tulijaribu kuwasuluhisha, na kila mmoja alisema, "Aanze yeye."

Mkubwa akafariki usiku, kwa ghafla. Siku ya maziko mdogo wake akawekwa mwanzo wa safu ya wafiwa, maana ndiye aliyekuwa karibu zaidi. Watu mia tatu au zaidi wakapita wakimpa mkono wa tanzia wa ndugu yake. Mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilipoushika mkono wake niliuona umelegea kama kitambaa kilicholowa maji. Aliniinamia sikioni akaniuliza, "Sheikh, yeye nitampa wapi?" Nilimwambia amwombee maghufira, amtolee sadaka, na awarudishie mayatima haki yao katika ile nyumba. Alifanya yote hayo, Mwenyezi Mungu amtakabalie. Lakini swali lake lenyewe halina jibu la hapa duniani.

Basi ndugu msomaji, gazeti hili likiwa mkononi mwako, hesabu watu wako. Kama yuko uliyemhama, mjomba, shemeji, jirani wa ukuta mmoja, mshirika wa biashara, usingoje Idi, wala usingoje msiba uwakutanishe. Nenda leo baada ya Magharibi. Bisha hodi. Akikufungulia, mwambie Assalaamu alaykum na unyoshe mkono wako wa kulia, kitanga kizima. Akiupokea, nyote wawili mna bishara ya maghufira. Na asipoupokea, mkono wako haukurudi mtupu, kwani yuko aliyeuona ulipokuwa umenyoshwa, naye hapotezi ujira wa mtenda wema.

Ewe Mola wetu, ziunganishe nyoyo zetu kama unavyoikutanisha mikono yetu, wala usimchukue mmoja wetu naye ana ndugu aliyemhama. Amin.